Farasi wa Matambara

Assalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Namaste. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana mliosimama kule nyuma, viti vimeletwa, kaeni.

Kabla ya yote, mtazameni huyu niliyemweka mezani. Ni farasi. Urefu wake hauzidi shubiri mbili. Ameshonwa kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe na sasa kimeshika rangi ya chai ya maziwa. Ana tandiko la kijani lenye ukingo wa nyuzi za dhahabu, na macho yake ni vifungo viwili vya shati, kimoja kikubwa kuliko mwenzake. Farasi huyu alining'inia juu ya cherehani katika duka moja la ushonaji mjini Tanga miaka yote ya utoto wangu. Mwenye duka alikuwa Mhindi, mzee mwembamba, fundi wa suti na makoti. Baba yangu alikuwa msaidizi wake, akitia vifungo na kupiga pasi. Mimi nilipeleka chakula cha mchana, kisha nikabaki chini ya meza ya kukatia, nikiokota pini kwa sumaku.

Sisi watoto tulimwita yule mzee Kaka. Tuliwasikia watoto wa nduguye wakimwita hivyo, nasi tukafuata. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kwa Kigujarati kaka ni ndugu wa baba. Sisi tukiita kaka, yeye akisikia baba mdogo, na kwa kweli alitutunza kama baba mdogo.

Mteja akija kuchukua suruali yake, Kaka alimfungia pamoja na vipande vilivyobaki, hata viwe vidogo kama kiganja, vimekunjwa na kufungwa kwa uzi. Mafundi wa mtaa ule walimshangaa, maana mnajua wenyewe, kitambaa kikibaki kwa fundi ndiyo kimebaki. Siku moja nikamuuliza kwa nini havitunzi akashonea mifuko. Akamnyooshea mkasi farasi. "Huyu anaona," akasema.

Kisha akanipa hadithi. Huko jangwani, kaskazini-magharibi mwa India, mtoto wa mtawala mdogo aliwaona watu wamepanda farasi, akalia naye apewe. Akabembelezwa, asinyamaze. Wazazi wakamwita fundi cherehani, wakampa nguo za thamani amshonee mtoto farasi wa kuchezea. Fundi akafika kwake, akaitazama ile hariri, akaona hasara kuishindilia yote kwenye mwili wa sanamu. Akajaza matambara tumboni, akapitisha kitambaa kizuri juu, iliyobaki akaificha. Mtoto alipompanda yule farasi, farasi akaruka. Akapita paa, akapita miti, akatokomea angani na mtoto mgongoni. Fundi akakamatwa kwa kosa la uchawi, akafungiwa. Humo kifungoni akakiri kwamba ameiba nguo, na alipokiri mtoto akarudi.

Mtoto huyo ndiye Ramdevji, mtakatifu wa huko jangwani, na ndiye ninayetaka kumzungumzia jioni hii.

Mimi ni Mwislamu, na sikusimama hapa kumtangaza mungu wa mtu yeyote. Nimesimama kwa sababu nilikulia chini ya farasi huyu, na kwa sababu kila ninapomsikia Ramdevji akitajwa kwenye mikutano ya dini mbalimbali kama huu wetu, naona anasimuliwa nusu. Ile nusu nyingine ndiyo hadithi ya watu waliomtunza kwa miaka zaidi ya 600, nayo inaniuma ikiachwa.

Tuanze na mahali. Ramdevra ni kijiji katika wilaya ya Jaisalmer, jimbo la Rajasthan, katika jangwa la Thar, kiasi cha kilomita 12 kutoka mji wa Pokhran. Jina la Pokhran wengi mmelisikia kwa sababu ya mabomu ya nyuklia ambayo India iliyajaribu karibu nao mwaka 1974 na 1998. Wenyeji wa kule waliujua mji huo kwa jambo jingine kabisa: ndipo Ramdevji alipopambana na jini mla watu, Bhairav, akawaondolea balaa. Mapokeo yanasema alizaliwa mwaka 1352, mtoto wa Ajmalji wa ukoo wa Tanwar, Marajputi, yaani watu wa upanga na utawala. Akaingia kaburini mwaka 1385. Hesabuni wenyewe: miaka 33.

Nimesema akaingia kaburini, na nimekusudia neno hilo. Wahindu wengi huchoma maiti, lakini watakatifu wengine huzikwa, na Ramdevji, kwa imani ya waja wake, alishuka kaburini akiwa hai, akakaa katika tafakuri, akafukiwa. Wao hukuita samadhi. Ukiingia Ramdevra leo unakuta hekalu ambalo Maharaja Ganga Singh wa Bikaner alilijenga mwaka 1931, na ndani yake kuna kaburi limefunikwa shuka, maua juu, ubani unafuka. Mtu wa pwani hahitaji mkalimani pale. Nilipoingia mara ya kwanza miguu yangu ilijua la kufanya kabla ya akili: nilipunguza sauti, nikasimama upande, nikawapisha akina mama. Wanaopinga ziara za makaburi wana hoja zao, na hapa si mahali pa kuzijadili. Nasema tu kwamba nilipaona pale kama mahali ninapopajua.

Na majina yake nayo. Wahindu humwita Baba Ramdev, au Ramdevji, wakimwona ni Krishna, mmoja wa miungu yao wakubwa, aliyeshuka tena. Waislamu wanaomheshimu humwita Ramsa Pir. Pir ni neno la Kiajemi, maana yake mzee, na katika Bara Hindi ni shehe wa tarika, walii. Wagujarati wengi, wakiwemo wa kwetu huku, husema Ramapir, na jina hilo moja lina Ram wa Wahindu na pir wa Waislamu bila ugomvi wowote.

Yapo masimulizi mawili ya mwanzo wake ambayo siwezi kuyaruka.

La kwanza ni la baba yake. Ajmalji hakuwa na mtoto wa kiume. Wakulima walikutana naye asubuhi wakienda shamba, wakarudi nyumbani, kwa sababu kumwona mtu tasa mwanzo wa siku ni nuksi. Jambo lile likamvunja moyo. Akasafiri hadi Dwarka, pwani ya Gujarat, kwenye hekalu la Krishna, akaomba. Sanamu imetulia tu. Akaomba tena, mwisho hasira zikampanda, akachukua ladu, lile tonge la kitamu aliloleta sadaka, ladu iliyokauka, akairusha, ikaipiga sanamu kichwani. Kuhani, ili amwondoe mwendawazimu yule, akamwambia Mungu hayupo hapa, yuko baharini. Ajmalji akaenda akajitosa. Na kule chini ya maji akamkuta Krishna, kichwa kimefungwa bendeji.

Napenda sana bendeji hiyo. Tangu nilipoisikia sijapata hadithi nyingine inayoonyesha hivi jinsi waja wa Ramdevji wanavyomfikiria Mungu: unaweza kumgombeza, na ukimtupia kitu kinamuuma, na bado anakujibu. Krishna akamwahidi kwamba yeye mwenyewe atazaliwa nyumbani kwake.

La pili ndilo mnalolijua, kwa kuwa ndilo linalosimuliwa kila mara. Mapir watano walitoka Makka kuja kumjaribu kijana huyu anayesifiwa karama. Akawakaribisha, akatandika, akaleta chakula. Wakasema: sisi hatuli ila katika mabakuli yetu, nayo tumeyaacha Makka. Ramdevji akanyoosha mkono, na mabakuli yakaja, kila moja likatua mbele ya mwenyewe. Wakala. Walipomaliza wakasema, sisi ni mapir, lakini wewe ni pir wa mapir. Inasemwa hawakurudi kwao, walibaki naye.

Simulizi hili ni zuri na watu wa Ramdevra wanaliamini kwa moyo. Lakini tunalibeba hadi kwenye kumbi kama hii, tunasema tazameni, Mhindu na Mwislamu sahani moja, tunapiga makofi, tunakunywa soda, tunaondoka. Na swali linabaki limelala chini ya mkeka: kwa nini hadithi kubwa ya mtakatifu huyu ni hadithi ya mabakuli? Kwa nini ni habari ya nani anakula katika chombo cha nani?

Mtu wa Rajasthan hahitaji kuelezwa. Pale, bakuli lilikuwa sheria. Jamii ilipangwa kwa matabaka ya kuzaliwa, na chini kabisa walikuwepo watu walioitwa wasiogusika. Kati yao walikuwa Wameghwal. Kazi zao zilikuwa kufuma nguo, kubeba mizoga ya ng'ombe, kuchuna, na kushughulika na ngozi. Mtu wa juu hakupokea maji mkononi mwao. Hawakuteka katika kisima cha wengine. Hekaluni hawakuingia, walisimama nje wakaabudu kwa mbali. Katika vijiji vingi Mmeghwal alipopita mbele ya nyumba ya mkubwa alivua viatu akavishika mkononi. Katika jangwa, ndugu zangu. Kwenye mchanga ambao mchana huwezi kuukanyaga kwa mguu mtupu.

Sisi tuna methali tunayoitumia kila siku: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Baniani tunamkumbuka, yule mfanyabiashara wa Kihindu aliyekuja na majahazi. Kiatu tunakikumbuka. Aliyekishona hatumkumbuki, kwa kuwa hatukumwona. Baniani wa zamani asingegusa ngozi mbichi kwa mkono wake. Nyuma ya kiatu kile kuna mtu aliyebaki Gujarat au Rajasthan, nje ya kijiji, upande ambao upepo hauwaletei wakubwa harufu ya ngozi yake.

Mtu huyo ndiye aliyempokea Ramdevji kwanza, na ndiye aliyemhifadhi.

Marajputi wenzake, kwa mujibu wa mapokeo, hawakupendezwa na kijana wa ukoo wao anayekaa usiku kucha na Wameghwal, anayeimba nao, anayekula nao. Waja wa Kimeghwal wa Ramdevji wana jina lao maalumu, Rikhiya, na wapo miongoni mwao wanaoshikilia kwamba hata kuzaliwa alizaliwa kwao, kisha akalelewa katika nyumba ya mtawala. Sitaki kuamua kesi hiyo. Lakini fikirini mtu anayedai nini anapodai hivyo.

Ibada yenyewe ukiitazama, mikono yao iko kila mahali. Kila mwezi, siku ya pili baada ya mwezi kuandama, ambayo wao huiita bij, nyumba za waja huwasha taa ya samli na kukesha. Mkesha huo huitwa jamma. Hauhitaji hekalu wala kuhani wa tabaka la juu. Unahitaji taa, tandura, ambayo ni zeze refu la kushikia wimbo, matoazi, na watu wanaojua nyimbo. Watu ambao mlango wa hekalu ulifungwa usoni mwao walijipatia ibada ambayo hekalu lake ni uwanja wa nyumba.

Nilikaribishwa kwenye jamma moja, kijijini, si mbali na Jodhpur. Nitawaeleza nilichokiona, maana picha haitoshi. Wanawake wa jamii ya Kamad, ambao kuimba kwa ajili ya Ramdevji ndiyo kazi yao ya kurithi, walikaa chini kwenye turubai. Mmoja wao, mama wa makamo, alinyoosha mguu wa kulia akaufunga vitoazi tisa vya shaba, kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na goti, vimepangwa kama ngazi. Viwili akavifunga kwenye viwiko. Viwili akavishika mikononi kwa uzi. Jumla 13, na ndiyo sababu mchezo huo unaitwa terah tali. Mume wake akavuta tandura, wimbo ukaanza polepole, na yule mama akaanza kuvirusha vile vya mkononi, vikigonga vya mguuni kimoja baada ya kingine, vya kiwiko vikidaka, bila kosa, huku ameketi kitako. Kiuno, mabega, kichwa, vyote vinacheza, lakini hainuki. Baadaye kasi ikapanda hadi nikawa sioni tena mikono, nasikia tu. Akamaliza wimbo, akafuta jasho kwa ncha ya mtandio, akaomba maji. Mwenyeji wa nyumba, aliyekuwa mtu wa tabaka la juu, akamletea bilauri mwenyewe.

Nilimtazama yule mama akinywa. Huenda mimi peke yangu niliyetazama. Wengine walikuwa wanangoja wimbo unaofuata.

Karama nyingine za Ramdevji nitazipitia haraka, ingawa kila moja ina watu wanaolia wakiisimulia. Muujiza wa Ramdevji unaitwa parcho, maana yake uthibitisho. Lakhi, mfanyabiashara wa msafara, alipita na magunia ya sukari, akaulizwa amebeba nini, akasema chumvi, akwepe ushuru, na alipofungua alikuta chumvi. Netalde, bibi harusi wa Ramdevji kutoka Umarkot, ambayo leo iko Pakistan, alikuwa hawezi kutembea, na siku ya ndoa akasimama akauzunguka moto pamoja naye.

Ya meli, hata hivyo, lazima niwape, kwa kuwa tuko pwani. Boyta alikuwa tajiri aliyekwenda ng'ambo kufanya biashara, akaahidi kumletea Ramdevji mkufu wa thamani. Akapata mali, na njiani kurudi akaona mkufu ule ni mwingi mno kumpa mtu wa jangwani. Tufani ikashuka. Chombo kikaanza kuzama, akamwita Ramdevji. Wakati huohuo, mamia ya maili bara, Ramdevji alikuwa ameketi anacheza bao lao la kete. Wenzake wakamwona ananyoosha mkono ghafla, akaurudisha. Chombo kikafika bandarini salama. Boyta ndiye anayesemwa kuchimba kwa shukrani kisima kikubwa cha ngazi kilichoko Ramdevra mpaka leo, Parcha Bavdi, na maji yake mahujaji huyachukua kwenye chupa kama dawa. Kaka aliniambia kwamba babu yake, alipopanda jahazi pale Porbandar kuja huku na upepo wa kaskazi, hakubeba sanamu yoyote ya dhahabu wala ya shaba. Alimweka kifuani farasi wa kitambaa. Mtu anayeogopa bahari anamchagua mungu ambaye mkono wake umeshafika baharini.

Basi na tuone umati. Katika mwezi wao wa Bhadrapad, ambao huangukia Agosti na Septemba, kuanzia siku ya pili hadi ya kumi na moja ya mwezi mchanga, Ramdevra inafurika. Watu huja kwa treni, kwa matrekta, kwa pikipiki, na wengi kwa miguu, kutoka Gujarat, Madhya Pradesh na kila pembe ya Rajasthan, mwendo wa siku nyingi. Wanaopitia Jodhpur huanzia kwenye kilima cha Masuria, kwa mwalimu wake Balinath, wamsalimie yeye kwanza. Wanabeba bendera za rangi tano. Kando ya barabara wenyeji wamesimamisha mahema, chai bure, chapati bure, na mahali pa kulaza miguu. Nilimwona mtu mzima, mwenye duka lake, amepiga magoti anamkanda nyayo kijana asiyemjua, anampaka mafuta, anamtoboa malengelenge kwa sindano aliyoichoma kwanza kwenye moto. Hakumuuliza ukoo wake.

Na farasi! Wapo wadogo wa kushika kiganjani na wapo wakubwa wa kubebwa na watu wanne, weupe, wa buluu, wa kijani, wenye vioo na shada. Kwa Kigujarati farasi wake ni lilo, kijani. Nyimbo za Rajasthan humwita nilo, buluu. Na washonaji hawabishani, kila mmoja hushona anayemjua. Mtu hubeba farasi wake begani njia nzima, akifika humweka kaburini akasema shida yake.

Kuna jambo kuhusu farasi hawa ambalo nimelifikiria kwa miaka, na hili ni langu, msimtwike mtu mwingine. Mpaka katika karne hii yetu, katika vijiji vya Rajasthan na Gujarat, mabwana harusi wa matabaka ya chini wamepigwa mawe na kushushwa kwa sababu walithubutu kwenda kwenye harusi yao juu ya farasi. Farasi ni wa wakubwa. Wapo waliooa wakisindikizwa na polisi. Katiba ya India ilifuta kutogusika mwaka 1950, katika ibara ya 17, na sheria ni jambo kubwa, lakini haimfuati kila bwana harusi barabarani. Sasa mchukueni mtu huyo. Kijijini kwao hawezi kupanda farasi. Kila mwaka anamshona farasi kwa mikono yake, kwa nguo na matambara, anamweka begani, anatembea siku kumi katikati ya barabara kuu, na hakuna anayemzuia. Ninapoambiwa hii ni dini ya wajinga wanaobeba wanasesere, namkumbuka huyo.

Mpaka wa mwaka 1947, uliotenganisha India na Pakistan, ulikata jangwa katikati na haukuwakata waja. Huko Sindh, Pakistan, katika mji wa Tando Allahyar, liko hekalu la Rama Pir ambalo sherehe yake ni kati ya mikusanyiko mikubwa ya Wahindu nchini humo. Wanaojaa pale ni Wameghwar, yaani Wameghwal wa huko, Wakolhi na Wabhil, vibarua wa mashamba ya watu. Ni watu walewale tena.

Na kwetu je? Mtafiti mmoja, Dominique-Sila Khan, aliandika mwaka 1997 kwamba asili ya ibada hii imefungamana na mahubiri ya kale ya Maismailia wa Kinizari, Waislamu wa Kishia wanaomfuata Aga Khan, katika Bara Hindi, waliofundisha kwa lugha na picha za Kihindu, na waliowafungulia mlango watu wa chini. Wengi wenu mna majirani Makhoja, Unguja, Dar es Salaam, Mombasa. Zile ginani, nyimbo za dini ambazo Maismailia kati yao huimba jamatkhana, nyumba yao ya ibada, zimetoka katika udongo wa aina hiyo. Nilimpigia simu rafiki yangu wa zamani, Khoja wa Tanga, nikamwimbia vibaya mstari mmoja niliousikia kwenye jamma. Akanyamaza, kisha akasema wimbo haujui, lakini mahadhi yale bibi yake aliyaimba alfajiri.

Nimalizie kwa mtu ambaye picha zote zinamwonyesha na hotuba zote zinamruka. Dukani kwa Kaka, chini ya farasi, palikuwa na picha ya kalenda. Ramdevji amepanda farasi, ameshika mkuki. Upande mmoja amesimama Harji Bhati, mja wake mtunga nyimbo. Upande wa pili mwanamke. Nilikuwa nadhani ni mke wake. Ni Dali Bai.

Dali Bai, wanasema, aliokotwa akiwa mtoto mchanga, ameachwa mtini. Ramdevji ndiye aliyemkuta. Akalelewa na Wameghwal, akachunga ng'ombe, na Ramdevji akamwita dada. Katika nyimbo yeye ndiye anayemfahamu kuliko watu wa damu yake. Leo Ramdevra kuna pete kubwa ya jiwe inayoitwa bangili ya Dali Bai. Mahujaji hujikunja wakapenya ndani yake, wanene kwa wembamba, wakiamini kwamba wakitokea upande wa pili ugonjwa unabaki nyuma. Nilimwona bibi mmoja akivutwa mikono na wajukuu wawili, anacheka, analia.

Siku Ramdevji alipotangaza kwamba wakati wake umefika, kaburi likachimbwa. Habari zikamfikia Dali Bai akiwa machungani. Akawaacha ng'ombe, akakimbia. Akafika kwenye ukingo wa shimo, mbele ya ndugu wa Kirajputi na umati mzima, akasema, hili mmelichimba si la kaka yangu. Ni langu. Wakamuuliza ushahidi. Akasema: chimbeni zaidi. Vikitoka vitu vya ibada yake, kombe la kupulizia na toazi, ni lake. Vikitoka uzi wa kusukia nywele, bangili na chanuo, ni langu.

Wakachimba. Katika mchanga ule likatoka chanuo.

Akaingia yeye kwanza. Kaka yake alimfuata baadaye, katika kaburi lililochimbwa upya, na makaburi yao yako karibu karibu mpaka leo, la Mrajputi na la Mmeghwal, chini ya hekalu lililojengwa na maharaja, na kila anayekuja kwa mmoja anapita kwa mwenzake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Farasi nitamwacha hapa mezani mpaka mtakapotoka. Anayetaka kumshika amshike, ila taratibu, mshono wa tumbo umefumuka kidogo. Ukichungulia utayaona matambara. Kaka aliyajaza mwenyewe, na aliniambia kila tambara lililomo lilikuwa lake, la nguo zake mwenyewe.